Namna ya Kulinganisha Gitaa la Bei Kubwa na Gitaa la Bei Nafuu

Anayetaka kununua gitaa la akustika hufika mahali akajiuliza gitaa la zaidi ya dola 3,000 za Marekani lina kitu gani ambacho la dola 200 hivi halina, na kama kitu hicho kinastahili pengo hilo la fedha. Mara nyingi hujibiwa kwa jina la kampuni, au kwa nakshi zilizozunguka tundu la sauti, ilhali jibu lenyewe linaweza kupimwa kwa rula, kuonwa kwa tochi na kusikiwa kwa masikio. Katika mwongozo huu nitatumia magitaa mawili yanayofahamika, yaani Martin D-28 na Yamaha FG800. Yote mawili ni ya nyuzi za chuma na yana bodi kubwa ya umbo la drednoti, kwa hiyo yanalinganishika. Ukiiweka D-28 kando ya gitaa la klasiki la nyuzi za nailoni, kama Yamaha C40, hutajifunza lolote kuhusu bei, kwa kuwa hizo ni ala mbili zenye kazi tofauti.

Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ubovu wa gitaa la bei nafuu si ubovu wa gitaa, bali ni marekebisho ambayo hayakukamilishwa lilipotoka kiwandani, na fundi anaweza kuyamaliza kwa gharama ndogo. Tofauti inayobaki baada ya marekebisho hayo ndiyo unayoilipia, na hiyo hutokana hasa na ubao wa uso wa mbele na jinsi ulivyoimarishwa kwa ndani. Kwa hiyo anayelinganisha magitaa mawili kama yalivyotundikwa ukutani dukani huwa analinganisha nyuzi na marekebisho, wala hajafika bado kwenye magitaa yenyewe.

Ujue kwanza yametengenezwa kwa nini

Kampuni ya Martin ilianzishwa mwaka 1833 mjini New York na Christian Frederick Martin, fundi aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani, kisha ikahamia Nazareth, Pennsylvania, ambako D-28 inatengenezwa hadi leo. Uso wa mbele wa gitaa hilo ni ubao halisi wa sprusi ya Sitka, mti unaomea katika pwani ya Alaska na ya magharibi mwa Kanada. Mgongo na mbavu zake ni rozwudi ya India, ambayo ni ndugu wa mpingo wetu, kwa kuwa miti hiyo miwili imo katika jenasi moja ya Dalbergia. FG800, kwa upande wake, ilitoka mwaka 2016 katika ukoo wa FG ambao Yamaha iliuanza miaka ya 1960. Uso wake pia ni ubao halisi wa sprusi, lakini mgongo na mbavu zake ni plaiwudi ya nato au okume, ambazo ni aina za mbao.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Wanasoma neno sprusi katika maelezo ya D-28, katika ya FG800, na hata katika ya Yamaha F310 ambayo wanafunzi wengi huanzia nayo, wakadhani kuwa wanaelezwa kitu kimoja. Uso wa F310 ni plaiwudi, na sprusi inayoonekana juu ni tabaka jembamba tu la kufunikia. Tofauti hii ina maana kubwa kwa sauti. Ubao halisi una nyuzinyuzi zinazoelekea upande mmoja, kwa hiyo ni mgumu kwa urefu, unanyumbuka kwa upana, na ni mwepesi kiasi kwamba daraja, kile kipande cha mbao kilichogundishwa usoni ambacho nyuzi zimefungwa kwake, linapotikiswa na nyuzi, uso mzima hutikisika pamoja nalo. Plaiwudi imepangwa tabaka juu ya tabaka, mojawapo ikikingama nyingine, na kati yake kuna gundi. Ni imara na haipasuki kwa urahisi, lakini humeza sehemu ya mtikisiko huo kabla haujawa sauti.

Kuutambua uso wa ubao halisi, angaza tochi ya simu kwenye ukingo wa tundu la sauti na uangalie unene wa ubao. Mistari ya mti unayoiona juu inapaswa kushuka moja kwa moja hadi upande wa chini wa ukingo. Ukiona tabaka mbili au tatu zilizobanana, na ya katikati ina rangi au mwelekeo tofauti, hiyo ni plaiwudi. Baadhi ya watengenezaji hupaka ukingo huo rangi nyeusi au kuufunika kwa pambo, na hapo itakubidi utafute maelezo ya kampuni yenyewe kuhusu modeli hiyo badala ya kumtegemea muuzaji. Kwa mgongo, tafuta alama ya pekee upande wa nje, kwa mfano mstari mweusi uliopinda, kisha chungulia ndani kupitia tundu uone kama alama hiyo ipo mahali palepale. Isipokuwepo, mgongo ni plaiwudi.

Ukiwa bado unachungulia ndani, tazama mataruma, yaani vijiti vya mbao vilivyogundishwa chini ya uso kuuzuia usibonyee. Seti ya kawaida ya nyuzi za ukubwa wa 12 huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, na uso wenyewe hauzidi milimita tatu hivi kwa unene, kwa hiyo kazi ya mataruma ni ngumu: yakiwa manene mno gitaa hunyamaza, na yakiwa membamba mno uso huvimba. Mpangilio wa herufi X ulianza kutumiwa na Martin katika miaka ya 1840, na sasa karibu magitaa yote ya nyuzi za chuma yameufuata, la bei ndogo na la bei kubwa. Usitafute basi kama X ipo. Tafuta usafi wa kazi. Pitisha kioo kidogo au kamera ya simu ndani uone kama gundi imemwagika ovyo, kama kijiti chochote kimeachana na uso, au kama ncha zake zimeachwa bila kuchongwa. Katika gitaa la bei kubwa fundi amechagua ubao mmojammoja kwa ugumu na uzito wake, na hilo ni jambo ambalo kiwanda cha maelfu ya magitaa ya bei nafuu hakiwezi kulifanya kwa kila gitaa.

Yasawazishe kabla hujayasikiliza

Ikiwa una fursa, yatie magitaa yote mawili nyuzi mpya za aina moja na ukubwa mmoja. Nyuzi kuukuu zenye kutu hufanya hata D-28 isikike kama boksi lililozibwa, na maduka mengi hayabadilishi nyuzi za magitaa yaliyokaa ukutani miezi mingi. Kama muuzaji hakubali, angalau kumbuka kwamba mng'aro wa sauti ni kitu cha kwanza kupotea nyuzi zinapochakaa, usije ukalilaumu gitaa.

Kisha pima kimo cha nyuzi. Chukua rula ndogo ya chuma yenye milimita, uisimamishe juu ya freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vilivyokingama shingoni, vinavyohesabiwa kuanzia kichwani), na usome umbali kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Kwa uzi mnene wa sita, milimita 2.4 hivi ni kipimo kizuri kwa mpigaji wa kawaida. Kwa uzi mwembamba wa kwanza, milimita 1.8 hadi 2. Gitaa la bei nafuu hutoka dukani mara nyingi likiwa na zaidi ya milimita 3, kwa sababu kiwanda hupendelea kuacha nyuzi juu kuliko kurudishiwa gitaa linalokwaruza. Mwanafunzi akiumia vidole wiki nzima akaamini kwamba hana kipaji, sababu huwa ni milimita hiyo moja. Ninalisema hili kwa uzito kwa kuwa wapo walioacha muziki kwa ajili yake.

Kipimo cha pili ni cha kichwani mwa shingo. Pale kuna nati, kile kipande chembamba chenye mifereji sita. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu na uangalie nafasi iliyopo kati ya uzi huo na freti ya kwanza: inapaswa kuwa ndogo kama unywele, karibu isionekane. Ikionekana wazi, mifereji haikuchimbwa vya kutosha. Hapo kodi ya F (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) itakuwa mateso, na noti za freti ya kwanza na ya pili zitapanda juu ya sauti yake sahihi kwa sababu kidole kinaunyoosha uzi kupita kiasi. Hii ndiyo kasoro ninayoiona kuwa ya kawaida kuliko zote katika magitaa ya bei ya chini, na fundi mwenye tupa nyembamba huimaliza kwa muda mfupi.

Kipimo cha tatu ni unyoofu wa shingo. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya 14 kwa mkono mwingine, halafu tazama pengo lililopo karibu na freti ya sita au ya saba. Pengo la milimita 0.2 hadi 0.3 linafaa. Likizidi, shingo imepinda kuelekea nyuzi, na nondo iliyomo ndani yake inahitaji kukazwa kidogo. Gitaa lisilo na nondo inayorekebishika usilinunue kwa bei yoyote ikiwa ni la nyuzi za chuma, kwa sababu siku shingo itakapopinda hutakuwa na njia ya kuirudisha.

Vipimo hivi vitatu vikikaa sawa ndipo utaona jambo la kushangaza. FG800 iliyorekebishwa vizuri hupigika kwa urahisi kuliko D-28 ambayo haijaguswa. Kwa kushusha nyuzi, fundi husugua chini ya kile kijiti cheupe kilichochomekwa kwenye daraja, na kanuni yake ni kwamba kusugua milimita moja pale hushusha kimo kwa nusu milimita kwenye freti ya 12. Bali usikubali asugue kabla hajairekebisha shingo na nati, maana kilichosuguliwa hakirudi.

Sasa sikiliza

Watu husikiliza kwa macho. Wakijua kwamba wameshika Martin, masikio huwaambia kile ambacho bei imekwisha kuwaambia. Njia bora ni kumwomba mtu mwingine apige wakati wewe umeketi mbele ya gitaa, hatua mbili hivi, ukiwa umegeuka au umefumba macho, naye apige vipande vilevile kwa nguvu ileile bila kukuambia ameshika lipi. Kumbuka kwamba sauti ya gitaa huelekea mbele, kwa hiyo mpigaji na msikilizaji hawasikii kitu kimoja. Ikiwa upo peke yako, weka simu umbali wa mita moja, rekodi magitaa yote mawili mahali pamoja ndani ya chumba, kisha sikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni.

Anza na kodi moja ya wazi, yaani ambayo baadhi ya nyuzi zake hazibonyezwi, kama G au E, ipigwe polepole uzi kwa uzi. Katika gitaa zuri kila uzi husikika ukiwa na nafasi yake hata nyingine zinapoendelea kulia. Katika gitaa hafifu nyuzi za besi huchanganyika zikawa mvumo mmoja. Halafu ipigwe kwa sauti ya chini kabisa, na baada yake kwa nguvu zote. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo kinachotenganisha magitaa haya kuliko kingine chochote. FG800 ina sauti nzuri katikati, lakini ukizidisha nguvu hufika mahali ikabaki palepale na kuanza kuwa kali, ilhali D-28 huendelea kukupa kila unapoongeza mkono, na ukipunguza hadi mguso mwepesi bado uzito wa besi hautoweki. Rozwudi pia huongeza mlio mrefu wa besi unaoendelea chini ya noti nyingine. Mpigaji anayeiongoza kwaya ukumbini bila spika atauhitaji uwezo huo. Anayepiga chumbani akijifunza huenda asiufikie kwa miaka mingi.

Mwisho panda juu ya shingo. Piga noti mojamoja kwenye uzi wa kwanza na wa pili kuanzia freti ya saba hadi ya 14, uone kama zinabaki nene au zinakuwa nyembamba na kufa haraka. Magitaa mengi ya bei nafuu hujificha vizuri katika freti tatu za kwanza, ambazo ndizo wauzaji wanazopigia.

Anayepiga kwa vidole, kwa mtindo wa gumba na shahada ambao Jean-Bosco Mwenda aliupiga Katanga na George Mukabi magharibi mwa Kenya, anapaswa kuongeza kipimo kingine, nacho ni upana wa shingo kwenye nati. Ule wa FG800 ni milimita 43, na ule wa D-28 ya sasa ni milimita 44.5. Milimita moja na nusu inaonekana haina uzito, lakini vidole vinavyochokoa nyuzi vikiwa vimebanana huitambua mara moja. Mtindo huo haudai kishindo cha kodi nzito, unadai noti zilizotengana. Kwa sababu hiyo gitaa lenye bodi ndogo kuliko drednoti, hata likiwa la bei ya kati, linaweza kumfaa mpigaji wa namna hii kuliko hayo mawili tunayoyalinganisha.

Usahihi wa noti na mashine za kukazia nyuzi

Piga haumoniki ya freti ya 12, yaani gusa uzi juu ya freti bila kuubonyeza, halafu bonyeza freti hiyohiyo upige tena. Programu ya kutyuni iliyomo kwenye simu inapaswa kuonyesha noti ileile mara zote mbili. Tofauti ndogo huvumilika. Ikiwa nyuzi zote sita zinapanda au zinashuka sana, daraja limekaa pasipo mahali pake, na hiyo ni kasoro ambayo urekebishaji mdogo hauiondoi. Pitisha pia kiganja pembeni mwa shingo: ncha za freti zinazochoma zinaonyesha kwamba ubao umenyauka au kwamba kazi ya kumalizia iliachwa. Gitaa likipoteza tyuni, usikimbilie kuzilaumu mashine za kukazia nyuzi. Mara nyingi uzi unang'ang'ania kwenye mfereji wa nati, na risasi ya penseli ikipakwa mle ndani hutosha kuulainisha.

Hali ya hewa ya mahali unapoishi

Hili husahaulika katika maelezo yanayoandikiwa wakazi wa Ulaya na Marekani. Watengenezaji wanashauri gitaa la mbao halisi likae mahali penye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja zina unyevu unaozidi hapo kwa sehemu kubwa ya mwaka, ilhali bara, kama Dodoma wakati wa kiangazi, hewa hukauka. Ubao halisi hufyonza unyevu na kuvimba, uso ukainuka na kimo cha nyuzi kikapanda pamoja nao; ukikauka hunywea, na mwisho wake ni ufa. Gitaa ambalo uso, mgongo na mbavu zake zote ni mbao halisi, kama D-28, hudai kesi ngumu, kipima unyevu na vifuko vya kudhibiti unyevu ndani ya kesi. Mgongo wa plaiwudi wa FG800, unaohesabiwa kuwa ni upungufu, kwa mkazi wa pwani ni faida, kwa sababu sehemu kubwa ya bodi haiyumbi kila msimu. La kuachwa ndani ya gari juani halipo, liwe la bei gani, maana joto hilo hulainisha gundi ya daraja.

Dalili za gitaa lililokwisha kuathirika ni rahisi kuziona. Jaribu kuingiza karatasi nyembamba nyuma ya daraja. Ikipenya, daraja linang'oka. Laza rula ndefu juu ya freti, ielekee kwenye daraja: ncha yake inapaswa kufikia juu ya daraja lenyewe. Ikigonga chini sana, pembe ya shingo imebadilika. Kwa D-28 ya zamani fundi anaweza kuing'oa shingo na kuipachika upya, na gharama yake ina maana kwa gitaa la thamani hiyo. Kwa FG800 kazi hiyo ingezidi bei ya gitaa.

Fedha zinafanya kazi wapi

Nikizipanga bei kwa ngazi, hatua yenye faida kubwa kuliko zote ni ile ya kutoka uso wa plaiwudi kwenda uso wa ubao halisi, yaani kutoka F310 kwenda FG800. Ongezeko la fedha ni dogo na sauti hubadilika kwa namna ambayo hata asiye mwanamuziki huisikia. Ngazi inayofuata ina magitaa kama yale ambayo Martin na Taylor huyatengeneza katika viwanda vyao vya Mexico, na hapo ndipo mpigaji wa kanisani au wa bendi ndogo hupata anachokihitaji. Kutoka hapo hadi D-28 unalipa fedha nyingi kwa ongezeko ambalo ni la kweli lakini ni dogo: mbao zilizoteuliwa, vanishi nyembamba isiyozuia mtikisiko, saa za mafundi wa Marekani, na gitaa linaloweza kutengenezwa tena na tena. Nakshi hazimo katika hesabu hiyo.

Ukikutana na Martin inayouzwa kwa bei ndogo isivyo kawaida, chungulia kwenye tundu la sauti. D-28 halisi ina jina la modeli na namba yake ya utambulisho vilivyogongwa kwenye kipande cha mbao kinachoshikilia shingo kwa ndani. Bandia zipo nyingi, na nyingine zimeandikwa jina hilo kichwani kwa ustadi. Wa kununua gitaa kuukuu nje ya nchi ajue pia kwamba rozwudi ya Brazili, ambayo Martin iliitumia kwenye D-28 hadi mwaka 1969, imewekewa masharti makali ya biashara ya kimataifa tangu 1992, na haivuki mpaka bila kibali.

Kwa anayeishi mbali na duka, mwombe muuzaji picha ya rula ikiwa imesimama kwenye freti ya 12, picha ya ukingo wa tundu la sauti iliyopigwa kwa tochi, picha ya daraja kutoka pembeni, na video fupi ya noti zikipigwa mojamoja hadi freti ya 14 kwenye kila uzi, bila muziki mwingine nyuma yake. Muuzaji anayelijua gitaa lake hutuma vyote hivyo siku hiyohiyo. Akituma picha za mbele tu, tena za kung'aa, tafuta muuzaji mwingine. Na katika bajeti yako, kabla hujaamua uchukue lipi, tenga kwanza fedha ya fundi na ya seti mbili za nyuzi.